Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutengeneza Vitu vya Nyumbani kwa Mbao za Paleti

Haya ni maswali ambayo watu hurudia kuuliza wakishaona rafu au benchi iliyotokana na paleti kuukuu. Mengine niliyauliza mwenyewe nilipoanza, na mengine niliyajibu vibaya mpaka mbao zikanisahihisha. Kama tayari una paleti mbele yako na mikono inawasha, ruka hadi sehemu ya kubomoa, lakini usipite bila kusoma swali la 3.

## Kabla ya kubeba paleti nyumbani

1. Paleti ni nini hasa, na mbao zake ni za aina gani?

Ni lile jukwaa la mbao linalowekwa chini ya mzigo ili foklifti ipate pa kuingiza uma zake. Zipo za namna mbili. Ya kwanza ina mihimili mirefu iliyosimamishwa kwa ubavu, kwa kawaida mitatu, na mbao zimepigiliwa juu na chini yake. Ya pili haina mihimili hiyo. Badala yake ina vitofali vya mbao, mara nyingi tisa, ndiyo maana foklifti huweza kuingia kutoka pande zote nne. Jifunze kuzitofautisha mapema, kwa sababu hazibomolewi kwa njia moja (swali la 7).

Mbao zake nyingi ni za msonobari na miti ya jamii yake, laini na nyepesi. Nyingine ni za miti migumu kama mwaloni. Usitegemee rangi kuzitambua, maana jua na mvua huzifanya zote kuwa za kijivu. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: ukiacha alama kwa urahisi, hiyo ni laini. Kisha inua ubao mmoja. Mbao ngumu hujitangaza kwa uzito. Si ajabu paleti moja kuwa na mbao za miti miwili au mitatu tofauti, kwa kuwa aliyeitengeneza alitaka ibebe mzigo na hakuwaza sebule ya mtu.

2. Nikiikuta imetupwa nje, naweza kuichukua tu?

Uliza kwanza. Paleti iliyo nyuma ya ghala inaweza kuonekana imetelekezwa kumbe inasubiri gari lije kuichukua. Paleti zilizopakwa rangi mwili mzima ndizo za kuogopa zaidi. Zile za buluu zenye jina la CHEP, kampuni ya kukodisha paleti, kwa mfano, haziuzwi. Hukodishwa, na hubaki kuwa mali ya kampuni hata zikiwa zimevunjika. Zenye alama ya EPAL, yaani chama cha paleti za Ulaya, nazo zina thamani kwa wafanyabiashara kwa sababu hubadilishana nzima kwa nzima, hivyo nadra kuikuta nzuri imetupwa kwa nia njema.

Zinazotolewa bure ni zile za vipimo vya ajabu ambazo hakuna anayezidai. Mwenye mzigo hufurahi kuondolewa takataka. Nenda, salimia, omba, na ukishapewa chukua hata mbili tatu mbovu pamoja na nzuri. Utakaribishwa tena.

3. Mhuri uliogongwa ubavuni una maana gani?

Huu ndio usomaji wa lazima. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi hufuata kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 ili kuzuia wadudu wa miti wasisafiri pamoja na mizigo. Mhuri wake una mchoro wa suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotengenezwa, namba ya mtengenezaji, na kisha herufi za tiba iliyofanyiwa. Hizo za mwisho ndizo unazozitafuta.

HT ni tiba ya joto: kiini cha mbao kimefikishwa nyuzijoto 56 za Selsiasi na kukaa hapo kwa dakika 30 mfululizo. Hakuna kemikali iliyotumika. DH pia ni joto, ila limeletwa kwa mawimbi yanayopasha mbao kutoka ndani, nyuzijoto 60 kwa dakika moja. Zote mbili zinafaa. Ukiona KD maana yake mbao zilikaushwa tanuruni, na DB maana yake ziliambuliwa magome. Hizo ni taarifa za ziada tu.

MB ni methili bromidi, gesi yenye sumu. SF ni gesi nyingine ya kufukizia. Kwa haki kabisa, methili bromidi hupaa na sehemu kubwa haibaki ndani ya mbao. Madhara yake makubwa ni kwa anayeifukiza na kwa tabaka la ozoni, na ndiyo maana imo katika orodha ya kemikali zinazodhibitiwa na Itifaki ya Montreal. Hata hivyo mimi sizipeleki nyumbani paleti za MB. Ukiwa na HT kibao za kuchagua, huna sababu ya kukesha ukijadiliana na mashaka.

Jambo moja hukosewa sana: HT si dawa ya kuhifadhi mbao. Joto liliua wadudu waliokuwamo siku ile. Halizuii wapya kuingia wala halizuii kuoza.

4. Paleti yangu haina mhuri kabisa. Ni ya kutupa?

Hapana. Paleti isiyokusudiwa kuvuka mpaka haihitaji mhuri, na zile za plaiwudi au mbao za kugandishwa kwa gundi zimesamehewa kanuni hiyo. Tena mhuri huenda ulikuwa kwenye kipande kilichong'oka. Ichukulie kama mgeni asiye na kitambulisho, yaani ichunguze kwa macho na pua kama ilivyo katika swali la 5. Ukijua imetoka wapi na ilibeba nini, umepata zaidi ya mhuri.

5. Nitajuaje kama ilimwagikiwa kitu kibaya?

Nusa karibu kabisa, hasa kwenye vichwa vya mbao ambako nyuzi zimekatwa, maana huko ndiko mbao hunywa. Mbao safi hunukia mti, au vumbi, au hainukii chochote. Harufu ya mafuta, dawa ya wadudu, uchachu au kitu usichoweza kukitaja, iache hapo hapo. Madoa ya kung'aa kama grisi nayo ni hapana. Usijidanganye kwamba msasa utaondoa, kwani kimiminika kikishaingia kwenye nyuzi kinakwenda ndani kuliko unavyoweza kusugua. Tena utakuwa umekigeuza vumbi na kukivuta.

Madoa ya kijivu ya jua si kitu. Weusi mdogo wa kuvu juu ya uso hutoka ukikausha na kupiga randa, ila ubao uliolainika ukichomwa kwa ncha ya bisibisi umeshaoza.

6. Kuna vitundu vidogo. Wadudu bado wamo?

Gonga ubao juu ya karatasi nyeusi. Ukidondoka unga mlaini wenye rangi mbichi, kuna mtu anakula humo ndani. Vitundu vyenye kingo kuukuu bila unga mpya mara nyingi ni nyumba iliyohamwa. Paleti ya kwanza ya namna hiyo niliiweka uani wiki mbili juu ya karatasi kabla ya kuamua. Ikitoa unga, usiilaze hata siku moja karibu na fanicha zako.

## Kubomoa

7. Nibomoeje bila kupasua mbao?

Kila mtu huanza kwa nyundo na mtaimbo, na kila mtu hupasua nusu ya mbao zake. Mimi nilipata mbao tatu nzima kutoka paleti yangu ya kwanza, na kuni za kutosha. Kosa ni kuingiza mtaimbo kwenye ncha ya ubao na kuvuta kwa nguvu upande mmoja. Ubao mkavu ulioshikwa na misumari miwili upande ule mwingine hauna pa kwenda ila kupasuka kufuata nyuzi.

Njia tatu zinafaa, na chaguo linategemea unachotaka kutengeneza.

Ukitaka mbao fupi haraka, kata kwa msumeno wa duara karibu kabisa na mhimili wa pembeni, ndani yake, pande zote mbili. Mbao zinabaki zimeshikwa na mhimili wa kati tu, na hapo huchomoka kwa kuzungushwa kidogo. Unapoteza sentimita kadhaa kila upande lakini ndizo zilizokuwa na matundu ya misumari na nyufa. Kwa rafu ndogo na masanduku, hii ndiyo njia yangu siku zote.

Ukitaka urefu wote, pitisha msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi, wenye wembe wa kukatia chuma, katikati ya ubao na mhimili, uikate misumari yenyewe. Tanguliza kabari nyembamba ili kupata mwanya. Vichwa vya misumari vitabaki ndani ya ubao. Wengine huviacha kama pambo, wengine huvitoa kwa kuvigonga kutokea nyuma. Uzuri wa njia hii ni kwamba ubao haupindishwi hata kidogo.

Kama huna umeme, geuza paleti na ugonge ubao kutoka chini, karibu na msumari, kwa nyundo nzito ukiwa umetanguliza kipande cha mbao ngumu ili usiuchubue. Gonga kidogo upande huu, nenda upande ule, rudi. Ubao uinuke milimita chache kwa zamu, pande zote sawasawa. Ni kazi ya subira na inatoa jasho, lakini mbao hutoka nzima.

Paleti ya vitofali ndiyo kaidi zaidi. Misumari yake huingia ndefu na vitofali haviachii. Hapo kata misumari, usishindane nayo.

8. Kwa nini misumari ya paleti haitoki kama misumari mingine?

Kwa sababu haikutengenezwa itoke. Mingi imesokotwa kama kamba au ina mizunguko ya miiba shinani, ili mtikisiko wa safari usiilegeze. Kutu huongeza mshiko. Paleti moja ya Ulaya ya kawaida ina misumari 78, kwa hiyo hesabu mwenyewe jioni yako itakwendaje ukiamua kuing'oa mmoja mmoja. Msumari ukikatika kichwa, usiuchimbe. Ugonge kwa kitindio utokee upande wa pili, ushike kwa koleo na uuzungushe huku ukivuta.

9. Paleti moja inatoa mbao kiasi gani?

Chukua ile ya Ulaya kama kipimo: milimita 1200 kwa 800, ina mbao 11 zenye unene wa milimita 22 na vitofali tisa. Ukizipanga sakafuni zote zinafunika kama mita mraba moja na nusu. Toa ncha zilizopasuka, ubao mmoja au miwili iliyooza, na upotevu wa kunyoosha kingo, utabaki na mita mraba moja hivi ya mbao za kutumia. Paleti za bei rahisi zina mbao nyembamba zaidi, nyingine chini ya milimita 15, na hizo hutoa kidogo kuliko zinavyoonekana.

Kwa sababu hiyo, bomoa kwanza, panga mbao kwa urefu, pima, ndipo uchore. Anayechora meza kwanza kisha akaenda kutafuta mbao za kutosha vipimo vyake atabomoa paleti nne akitafuta mbao sita.

10. Ni vifaa gani siwezi kuvikwepa?

Nyundo yenye kucha, mtaimbo mdogo bapa, msumeno, drili, futi, guni ya kupimia pembe mraba, msasa na jiriwa mbili. Miwani ya kukinga macho si nyongeza: misumari ya paleti ikikatika huruka. Glavu nene na viatu vya soli ngumu pia. Sumaku yenye nguvu, ya kupitisha juu ya ubao kutafuta chuma kilichojificha, ni kifaa kidogo ambacho kingeniokolea meno ya randa yangu ya umeme. Nilidhani nimetoa misumari yote. Ulikuwa umebaki mmoja, umekatikia ndani, na mlio wake bado naukumbuka.

11. Nimechomwa na msumari wenye kutu. Niende hospitali?

Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda, hasa kama kidonda ni kirefu au hukumbuki mara ya mwisho kuchanjwa pepopunda. Kutu yenyewe siyo inayoleta ugonjwa. Ni bakteria wa udongoni na kwenye uchafu wanaopelekwa ndani kwenye kidonda chembamba kisichopata hewa. Usingoje kidonda kiume kwanza.

## Kuandaa mbao

12. Lazima zikaushwe?

Kama paleti ilikuwa nje, ndiyo. Ubao wenye maji husinyaa ukishaingia ndani ya nyumba, na meza uliyoibana vizuri leo itaonyesha mianya baadaye. Panga mbao kivulini penye upepo, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja vilivyosimama mstari mmoja juu ya vingine, na weka uzito juu ili zisijikunje. Usizianike juani moja kwa moja, maana upande mmoja ukikauka mbele ya mwingine ubao hupinda kama kigae.

Huna kipima unyevu? Pima ubao mmoja kwa mizani kila wiki na uandike. Siku uzito utakapoacha kushuka, mbao ziko tayari kwa mahali hapo.

13. Nitumie randa au msasa?

Msasa kwanza, hata kama una randa nzuri, kwa sababu mchanga uliojikita kwenye uso wa paleti hula makali kuliko unavyodhani. Piga brashi ya waya, kisha msasa namba 60 au 80, halafu 120. Kwa meza ambayo mikono itagusa, malizia kwa 180. Ukishaondoa uso ule mchafu na kukagua kwa sumaku, randa inaruhusiwa.

Swali linalofuata huwa "nisugue mpaka wapi?" Kwangu, mpaka mkono usichomwe na kibanzi. Alama za msumeno, matundu ya misumari na maandishi yaliyofifia ndiyo yanayoupa ubao sura yake. Ukivifuta vyote, umetumia saa nyingi kutengeneza ubao mpya mbaya.

14. Vumbi lake lina shida kweli?

Lina. Vumbi la mbao limo katika kundi la vitu ambavyo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limethibitisha kuwa husababisha saratani kwa binadamu, na hapa unaongezea uchafu wa barabarani na ghalani. Sugua nje, vaa barakoa ya kiwango cha FFP2 au N95, na usifagie vumbi likiwa kavu. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

15. Mbao zimepinda na unene haulingani. Nifanyeje?

Zilizojikunja sana zikate fupi, kwani kipindo cha ubao wa mita moja hakionekani katika vipande vya sentimita 30. Unene usiolingana ufiche chini: pangilia nyuso za juu zikiwa zimelala kifudifudi kwenye sakafu iliyonyooka, kisha weka vibao vyembamba vya kujazia nyuma kabla ya kufunga skrubu. Ukigeuza, juu ni tambarare na mchezo mzima umebaki chini ambako hakuna anayechungulia.

## Vitu vyenyewe

16. Nianze na kitu gani?

Sanduku. Halina miguu ya kuyumba wala halibebi mtu, na litakufundisha kukata mraba, kutoboa kabla ya skrubu na kusugua. Kutoboa kabla ni sheria: mbao kavu za paleti hupasuka mara skrubu inapokaribia ncha. Kwa skrubu ya milimita 4, tundu la milimita 2.5 hadi 3 linatosha. Usitumie tena matundu ya misumari ya zamani, kwani hayashiki.

17. Rafu ya ukutani itabeba kiasi gani?

Ubao wenyewe mara chache huwa ndio tatizo. Linaloanguka ni kile kinachoushika ukutani. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu hufika kilo 20 hadi 30, na rafu ikiwa na kina kirefu uzito huo huvuta skrubu za juu kama mtu anayening'inia mlangoni. Tumia plagi zinazolingana na aina ya ukuta. Ukuta wa tofali na ule wa bodi nyembamba havishikwi na kitu kimoja.

Kwa ubao wa milimita 20, usiache umbali kati ya mashikio uzidi sentimita 60 kama unakusudia kuweka vitabu. Kutundika nusu ya paleti nzima ukutani kunapendeza pichani, lakini unaanza na uzito wa kilo kumi na zaidi kabla hujaweka hata kikombe.

18. Kwa nini meza yangu inayumba, na juu yake pamepasuka?

Kuyumba kunatokana na miguu iliyofungwa bila viunganishi. Skrubu mbili kwenye pembe haziwezi kuzuia mguu kuchezacheza, hata uzikaze vipi. Zungusha mbao nne chini ya uso wa meza ziunganishe miguu yote, na kwa benchi la kukalia weka kipande cha mshazari kila pembe. Mihimili ya paleti ndiyo miguu bora kuliko mbao zake.

Kupasuka ni habari nyingine. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ukigundisha mbao zote kwa gundi kwenye vipande vinavyozikata kimkingamo, umezinyima nafasi na zitajitafutia. Funga kwa skrubu, na matundu kwenye kile kipande cha chini yawe marefu kidogo ili skrubu iweze kutembea.

19. Naweza kupandia mboga kwenye sanduku la paleti?

Ndiyo, kwa paleti za HT au ambazo unajua historia yake. Zile zenye alama ya gesi na zile za kutilia shaka, usizipe udongo wa chakula (maswali ya 3 na 5). Toboa chini pa kutokea maji, inua sanduku juu ya vitofali lisikae kwenye unyevu, na funika kuta za ndani kwa plastiki nene, ukiacha chini wazi. Lita 100 za udongo uliolowa hupita kilo 130, kwa hiyo lijenge mahali litakapokaa, na fungia pembe kwa nguzo za ndani. Misumari pekee itasukumwa nje.

20. Na kitanda?

Kinawezekana, na ni moja ya vitu vinavyoonekana rahisi kuliko vilivyo. Godoro linahitaji hewa chini, kwa hiyo mianya ibaki, lakini isiwe mipana kiasi cha godoro kuzama. Sentimita 5 hadi 7 zinatosha. Paleti mbili zilizowekwa tu ubavu kwa ubavu zitalia usiku kucha. Zifunge kwa bolti, na bandika vipande vya mpira zinapogusana. Sugua hadi kingo za ndani, maana shuka huvuta vibanzi kutoka mahali usipopaona.

21. Ubao wa kukatia chakula? Kitanda cha mtoto mchanga?

Hapana kwa yote mawili. Hata HT haikuambii mzigo uliobebwa baadaye, na kisu hufungua nyuzi kila siku. Kuhusu mtoto mchanga, kitanda chake kina vipimo vya usalama ambavyo mbao za kuokoteza hazikufikiriwa kuvikidhi, na yeye hutafuna kila kitu.

## Kumalizia na kutunza

22. Rangi, vanishi au mafuta?

Ndani ya nyumba, vanishi ya maji haina harufu kali, hukauka haraka na haifanyi mbao kuwa njano. Meza inayomwagikiwa vinywaji ipake tabaka tatu, ukisugua kidogo kwa msasa laini katikati. Mafuta ya kitani hutoa mng'ao mzuri zaidi kwa macho yangu, lakini yana hatari ambayo watu hawaiamini mpaka waione: kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kujipasha joto na kushika moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kitie ndani ya kopo la chuma lenye maji na ulifunike.

23. Naweza kupaka oili chafu ya gari ili mchwa wasile?

Njia hii inapendwa kwa sababu haina gharama. Oili iliyotumika ina mabaki ya metali na kemikali zinazohusishwa na saratani, haikauki kamwe, huchafua nguo na huvuja udongoni. Kwa kitu cha nyumbani, acha kabisa. Dhidi ya mchwa, kinga ya kwanza ni kutogusisha mbao na ardhi: weka miguu juu ya mawe, tofali au chuma. Baada ya hapo ndipo ufikirie dawa ya mbao ya dukani, na usome inafaa wapi.

24. Kitu cha nje kitadumu muda gani?

Msonobari usiopakwa kitu, ukigusa udongo, unaweza kuanza kuoza ndani ya misimu michache tu. Ubao uleule ukiinuliwa, ukapakwa na kupakwa upya rangi inapochoka, hudumu miaka mingi zaidi. Zingatia vichwa vya mbao, huko maji huingia kwa kasi. Vipake mara mbili ya sehemu nyingine.

## Maswali ya pembeni

25. Mabaki naweza kuyachoma jikoni?

Mbao safi za HT, sawa. Zilizopakwa rangi, zenye madoa, za MB, na vipande vya plaiwudi, usichome, si ndani wala uani. Chuja majivu kwa sumaku kabla ya kuyamwaga bustanini. Misumari husubiri miguu.

26. Kweli inapunguza gharama?

Kwa fedha, ndiyo. Kwa muda, si lazima. Ukijumlisha kubomoa, kung'oa, kukausha na kusugua, ubao wa paleti unakula muda mwingi kabla hujaanza kutengeneza chochote. Kwa kabati kubwa lenye milango inayotakiwa kufunga sawasawa, nunua mbao zilizonyooka. Paleti inalipa pale ambapo ukubwa unaweza kufuata mbao zilizopo: rafu, stuli, masanduku, viti vya nje.

27. Nikiuza nilichotengeneza, nimwambie mteja ni paleti?

Mwambie, na umwonyeshe mhuri. Mimi huacha kipande chenye alama ya HT upande wa chini bila kukisugua.

28. Kuna doa jeusi limezunguka tundu la msumari, na msasa hauliondoi. Ni kuvu?

Karibu kila mara si kuvu. Chuma cha msumari, pamoja na maji, kimeungana na tanini iliyomo kwenye mbao, hasa mwaloni, na rangi hiyo nyeusi imeingia ndani sana. Asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji huifuta: paka, ngoja, suuza vizuri, na vaa glavu na miwani kwa sababu ni sumu. Fanya hivyo baada ya kuhakikisha hakuna kipande cha msumari kilichobaki ndani, la sivyo doa litarudi na mvua ya kwanza.